Mtoto Mwenye Ugonjwa wa Wazee

Kwetu Kisangani tension, yaani shinikizo la damu, ni ugonjwa wa heshima. Wanaupata mapadri wazee, wakubwa wa ofisi, wanaume wenye wake wawili, na mama wakwe. Mtu akiambiwa hospitalini kwamba ana tension, anarudi nyumbani akitembea polepole, anapishwa kiti, chumvi inapunguzwa katika sufuria ya watu wote, na watoto wanakatazwa kelele. Sisi wengine, ambao hatujawahi kupimwa, neno hilo tunalitumia kwa ugomvi tu. "Usinipandishe tension!" Mimi nilikuwa nalisema kila siku. Nililisema kwa wateja waliokuja kudai nguo kabla ya siku tuliyopatana, nililisema kwa vijana wa toleka waliotaka kunigonga na baiskeli zao za abiria njiani, na zaidi ya wote nililisema kwa mama mkwe wangu, tena kwa sauti ambayo jirani wa nyumba ya tatu angeweza kuniitikia.

Kwa hiyo siku daktari aliponiambia kwamba mwanangu, ambaye hata jina la ubatizo hakuwa nalo bado, ana tension, nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Lakini nianze kwa kujieleza, maana nisipojieleza mwenyewe nitaelezwa na wengine, na hilo nimelichoka. Mimi ni mshonaji. Nimezaliwa upande wa Yanonge, katika nyumba ya wasichana watupu, wala sikuwahi kuwa na kaka. Baba yetu alikuwa mchuuzi wa samaki wa kukaushwa, na sisi tulikua tukiitana kutoka pirogi hadi pirogi, mitumbwi ya kwetu, ndiyo sababu sauti zetu ni za mtoni. Mume wangu ni dereva wa lori, njia ya Banalia, na watu wake ni wavuvi wa kwenye maporomoko. Nao pia wanapiga kelele, kwa sababu ukiishi karibu na maji yale usipopiga kelele hutasikika hata ukiomba chumvi. Mtu angetarajia kwamba tungeelewana. Wapi! Fahali wawili hawakai zizi moja, na mimi na mama mkwe hatukuwa hata fahali wapole.

Nilipopata mimba tuligombana miezi yote. Aliniambia nisikanyage cherehani, mtoto atatikisika. Nikakanyaga. Aliniambia nisikae mlangoni. Nikavuta kiti changu nikakiweka mlangoni, nikashonea hapo. Watu walimwambia anionee huruma, na mimi waliniambia, "Hasira hasara, mama." Nikawajibu kwamba hasara ni yangu, wasinipandishe tension.

Mtoto alizaliwa mzima, wa kiume, mwenye nywele nyingi. Kwa desturi ya watu wa mume wangu, mtoto wa kwanza anaogeshwa na bibi mzaa baba mpaka akaze shingo. Mama mkwe alikuja kwetu, mtaa wa Tshopo, na beseni lake mwenyewe kichwani, kana kwamba nyumba yangu haina beseni. Yeye ndiye aliyewaogesha watoto wote wa ukoo wake, na mikono yake ilisifiwa. Walisema mtoto aliyepita katika mikono ile halii ovyo. Siku za kwanza alimwogesha uani, mbele yetu wote, huku akimwimbia. Kisha kitovu kilipoanguka akabadilika. Akaanza kumwogesha ndani, mlango umefungwa. Nikibisha, anasema, "Ngoja, minamalizaka sasa hivi." Akimaliza, mtoto anatoka amefungwa tayari, amepakwa mafuta, ananukia.

Nilidhani ananinyima mtoto wangu. Nilimwambia hivyo, na nililisema vibaya. Yeye hakujibu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akikosa jibu, na mimi, mjinga, nikafurahi kwamba nimemshinda.

Baadaye mtoto akaanza kukataa ziwa. Alikuwa akinyonya kidogo, anaachia, anahema upesi upesi kama mtu aliyepanda kilima. Mashavu yakapungua. Mume wangu alikuwa safarini, barabara imeharibiwa na mvua, kwa hiyo tulimpeleka hospitalini sisi wawili, mimi na mama mkwe, juu ya toleka mbili, tukiwa hatusemezani.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, asiyetabasamu bila sababu. Alimsikiliza mtoto kifua, akamwangalia macho, akamwekea kwenye mkono kitambaa cha kupimia, kidogo kama bangili. Sikuwahi kujua kwamba kipo cha ukubwa huo. Mtoto alikuwa akilia, basi daktari akasema tungoje alale, kwa sababu mtoto akilia inapanda yenyewe. Alipolala akapima tena. Akapima mkono, akapima mguu, akarudi mkononi. Akaita muuguzi naye apime.

"Mama," akasema, "mutoto iko na tension. Tena iko juu sana."

Chumba kile kilikuwa na mama wengine na watoto wao, kitanda kwa kitanda. Mmoja akacheka. Simlaumu, hata mimi ningecheka kama angekuwa mtoto wa mwingine.

"Tension? Ule mutoto? Aliisha kuoa bibi ngapi?"

"Anawaza kulipa loyer ya nyumba," mwingine akasema, na chumba kizima kikacheka, hata muuguzi akageuka ukutani.

Haya ikanishika kuanzia miguuni. Sikucheka. Kwa sababu wao walikuwa wanatania, lakini mimi niliamini. Nilijua tension inatoka wapi. Inatoka kwa hasira na mawazo, kila mtu anajua. Mtoto wa wiki chache hana hasira wala mawazo. Basi alizipata wapi kama si tumboni kwangu, ambamo alikaa miezi yote akisikiliza mama yake anavyotukana? Nilikuwa nimesema kwamba watanipandisha tension. Ikapanda, ila si yangu.

Daktari aliuliza maswali mengi. Kama nilikuwa na tension wakati wa mimba, hapana. Kama nilikunywa dawa za miti, hapana. Kisha akauliza, "Anakojoaka muzuri?"

"Ndiyo, docta," nikasema. "Manguo yake inalowanaka kila saa."

Ilikuwa kweli. Nguo zake hazikukauka kamwe. Mama mkwe, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akainama akaanza kukunja kikwembe, kitenge cha kumbebea mtoto, kilichokuwa kimekunjwa tayari. Nilimwona, lakini sikuwa na sababu ya kufikiri.

Daktari akasema lazima tujue kwa nini damu inasukuma hivyo. Alishuku moyo kwanza. Alitaka kumpitisha kwenye mashine ya kuonyesha ndani ya tumbo na kifua, lakini umeme haukuwapo. Sisi tunaishi karibu na bwawa la umeme, mtu akinyamaza anasikia maji yake, na bado kwa umeme tunangoja kama watu wa jangwani wanavyongoja mvua. Akampa mtoto dawa ya kushusha, kipande cha kidonge kilichosagwa na kuchanganywa na maji, kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Akasema tungoje.

Habari haikungoja. Mpaka kesho yake ukoo wa mume wangu wote ulijua kwamba mtoto wa yule mama mwenye mdomo ana tension ya wazee, na kila mmoja alikuwa na ushahidi. Mmoja alinisikia nikigombana kisimani. Mwingine alikumbuka kiti changu cha mlangoni. Saa ya kutembelea wagonjwa wakaja, wakiongozwa na tonton, mdogo wa marehemu baba mkwe, ambaye ndiye msemaji wa ukoo. Mume wangu alikuwa bado kwenye matope ya Banalia, simu yake haipatikani.

Wana desturi yao. Mtu mwenye kinyongo kilichomdhuru mtoto anapewa maji kikombe kimoja. Anayatia kinywani, anasema moyoni kosa lake, kisha anampulizia mtoto kifuani, na kwa sauti anasema: kama ni kasirani yangu, itoke na maji haya. Aliyembeba mtoto anajibu: imeisha. Hapo neno linakufa, na hakuna anayeruhusiwa kulirudia. Mtu akipulizia na asijibiwe, anabaki na kosa lake mikononi.

"Bon," tonton akasema. Tulikuwa katika ua wa hospitali, karibu na mahali ambapo watu wanapikia wagonjwa wao, na watu wote waliokuwa wakikoroga lituma ya ndizi na sombe ya majani ya muhogo waliacha miiko ndani ya sufuria. "Batu yote banajua kasirani ya huyu mama. Hatukuje kumutukana. Tunakuja juu ya mutoto. Alors, mama, kamata maji."

Ningeweza kukataa. Wakati mwingine wowote ningemwambia tonton ayanywe yeye, maana naye ana kasirani yake. Lakini mtoto alikuwa anahema mikononi mwa bibi yake, mbavu zikionekana, na mimi niliamini. Nikapokea kikombe. Nilipiga magoti kwenye vumbi, na kikwembe changu kizuri, mbele ya wapishi na wagonjwa na wauza kaukau za kutafuna, nikatia maji kinywani. Mashavu yakanivimba kama ya mtoto anayecheza. Kuna msichana alicheka, mama yake akampiga kofi. Nikampulizia mwanangu kifuani. Akashtuka, akafumba macho. Nikasema maneno yale.

Kisha nikangoja.

Mama mkwe ndiye aliyembeba, yeye ndiye aliyepaswa kujibu. Hakujibu. Nilimtazama kutoka chini. Alikuwa anatazama kichwa cha mtoto, midomo imebana. Maji yalikuwa yananitiririka kidevuni, na nilikuwa sijui kama ninaruhusiwa kujifuta. Nikangoja mpaka magoti yakaniuma. Mwishowe tonton akakohoa akasema yeye, "Imeisha," kwa haraka, kama mtu anayefunga mlango wa mwingine.

Nikajua kwamba mama mkwe wangu amenikataa hadharani, hata msamaha wa maji ameninyima. Niliona haya ambayo sijui kuieleza. Haya ya kugombana ninaijua, inapita. Hii ilikuwa haya ya kupiga magoti na kuachwa pale.

Kesho yake asubuhi mtoto akashikwa na degedege. Mkono mmoja ulianza kuruka wenyewe, macho yakakaza upande mmoja, midomo ikabadilika rangi. Daktari alikuja akikimbia, akampa dawa, akamtuliza. Alisema ni tension inayopiga kichwani, kwamba dawa ya kwanza haitoshi, na kwamba kama hatutapata chanzo tutampoteza. Alilisema wazi hivyo. Na wanawake wa chumba kile, ambao siku ya kwanza walikuwa wamecheka, sasa walivuta watoto wao kifuani, nikasikia mmoja akimwambia mwenzake kwa Kilingala kwamba labda yale maji sikuyapulizia kwa moyo wote.

Nilitoka nje. Sikutaka kulia mbele yao. Kwenye bomba la hospitali nilimkuta mama mkwe akifua nguo za mtoto, amepiga magoti mbele ya ndoo. Nilisimama nyuma yake na kusema kitu ambacho sikuwa nimepanga kusema.

"Mama, ni miye. Minajua ni miye. Kama akikufa, muniambie nirudie kwetu, sitabishana."

Aliacha kufua. Hakugeuka.

"Bokilo," akasema. Ndivyo tunavyoitana kwa Kilingala, mkwe na mama mkwe, neno moja kwa wote wawili. "Bokilo, usipige makelele kwanza. Haiko kasirani yako. Ni miye."

Akaniambia huku akiitazama ndoo. Siku kitovu kilipoanguka alikuwa anamwogesha, na mikono ilikuwa na sabuni. Mtoto aliteleza kidogo. Kitovu kikakatika, kikaanguka juu ya uume wake. Kila mama wa huku anajua maana yake: kitovu kikigusa hapo, mvulana anakufa uanaume kabla hajauanza. Yeye, mwogeshaji wa ukoo mzima, mwenye mikono ya kusifiwa, ndiye aliyekiangusha. Alikizika haraka, akafunga mlango, na tangu siku hiyo alikuwa anachungulia kila mtoto anapokojoa.

"Watoto wanaume banakojoleaka mutu ku uso," akasema. "Minalowana na mikojo ya batoto yote ya huku. Huyu hapana. Yake hairuke. Inalia tu. Inatoka chozi, chozi, siku muzima."

Mimi nilikua na wasichana watupu. Nilidhani watoto wote ni hivyo. Nilifurahi hata, kwamba hanirushii usoni.

"Na jana," nikasema, "uliniacha na maji ku mudomo."

"Ningejibu nini?" akasema. "Ningesema imeisha, nami ninajua haiko yako? Mungu ananiona."

Sasa niwaambie ukweli kuhusu tabia yangu. Hasira ilinipanda yote. Mwanamke huyu aliniacha nipige magoti kwenye vumbi mbele ya watu huku anajua. Maneno yalikuwa yamejipanga kinywani, mabaya yote, tayari kutoka. Yaliyonizuia hayakuwa mema yangu. Kwanza, nikipiga kelele ningewathibitishia wote kwamba walikuwa sahihi juu yangu. Pili, nilimwona kisogo. Kilemba kilikuwa kimeteleza na shingo yake ilikuwa nyembamba, ya mtu mzee, na ilikuwa imeinama kabisa. Sikuwahi kuiona shingo yake. Tulikuwa tumegombana muda wote huo uso kwa uso.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilimshika mkono wenye povu, nikamvuta. "Twende kwa docta."

"Utasema ni miye?"

Sikuwa nimeamua bado, nikazidi kumvuta.

Daktari alikuwa anaandika. Nilisimama mbele yake na ulimi wangu, ambao haujawahi kukosa kazi, ukawa mzito. Kuna maneno ambayo mwanamke wa kwetu hayasemi mbele ya mama mkwe wake. Nikasema nikitazama viatu vya daktari: "Docta, mutoto hakojoake kama wanaume. Inatoka kidogo kidogo tu. Hairuke."

Akaweka kalamu chini. "Nani anaona vile?"

Nyuma yangu mama mkwe alikuwa anafuta povu mikononi.

"Ni miye," nikasema. "Nilikuwa na haya."

Hakunigombeza. Alikwenda moja kwa moja kwa mtoto, akamfungua, na tukangoja. Wanawake watatu wazima tumeinama juu ya mtoto mmoja, tumekaza macho mahali pale, kimya kama kanisani, tukingoja akojoe. Mtu angepita angetucheka. Mtoto alikuwa amelala kwa dawa, tumbo limelegea. Mwishowe ikatoka: tone, halafu tone, halafu uzi mwembamba ulioteremka pajani bila nguvu. Daktari akaweka vidole chini ya kitovu, akabonyeza taratibu, kisha akachukua mkono wangu akauweka pale pale. Palikuwa na kitu kigumu, cha mviringo, kama ndimu kubwa chini ya ngozi.

"Kibofu," akasema. "Imejaa. Haikuwe inaisha hata siku moja."

Alimwingizia mrija mwembamba sana. Mkojo ukaanza kutoka, ukatoka, ukaendelea kutoka, na nilishangaa kwamba mwili mdogo vile ulikuwa umebeba yote hayo. Alasiri umeme ulirudi, mashine ikaonyesha figo zimevimba pande zote mbili. Daktari akatueleza. Ndani ya njia ya mkojo ya mtoto kulikuwa na kijingozi, chembamba, ambacho hakikupaswa kuwepo. Kilikuwa kinaziba, kama mifuko inavyoziba mtaro wetu, na maji yakarudi nyuma mpaka kwenye figo. Figo zikibanwa zinadhani mwili umekosa damu, nazo zinaamuru isukumwe kwa nguvu. Ndiyo tension yenyewe. Alizaliwa nacho.

Mama mkwe aliuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuijua, "Docta, na kitovu? Kama ilianguka mbaya?"

"Kitovu haina kosa, mama. Fikiri muzuri. Siku alizaliwa, mikojo ilirukaka?"

Akafikiri. Akatikisa kichwa. Hata siku ile ya kwanza haikuruka. Alidhani mtoto amechoka na safari ya kuzaliwa.

"Na kasirani?" nikauliza mimi.

"Kasirani pia haina kosa," daktari akasema, na hapo ndipo nilipomwona akitabasamu kwa mara ya kwanza. "Muendelee kugombana, lakini inje ya hospitali."

Tension ilishuka siku kwa siku. Mtoto akanyonya. Walimfungulia tundu dogo chini ya kitovu, mkojo utokee hapo mpaka akue na apatikane mtu wa kukata kile kijingozi kwa chombo chake. Alikaa hivyo zaidi ya mwaka, tumbo limefungwa nguo, na mimi nilimvalisha mashati marefu niliyoshona mwenyewe ili watu wasione. Mume wangu aliporudi na matope mpaka kichwani nilimweleza habari ya kijingozi. Habari ya kitovu sikumwambia. Daktari alijitolea kuueleza ukoo, lakini nilimwona mama mkwe akinitazama, macho yake yakiniomba. Ukoo ungeambiwa nini? Kwamba mikono yake iliteleza, kwamba alificha, kwamba alimwacha mkwe wake apige magoti. Nani angempa tena mtoto wa kuogesha? Nikamwambia daktari si lazima.

Kwa hiyo ukoo ulibaki na hesabu yake. Mama alipulizia maji, mtoto akapona. Basi ilikuwa kasirani. "Munaona? Maji inafanya kazi." Neno ambalo desturi ilisema limekufa, lilikuwa linazunguka mtaani mnene na mzima. Kila mwanamke mwenye mimba aliyepandisha sauti aliambiwa habari zangu. Niliingia katika mafundisho, kama mke wa Lutu. Nilikuwa nikikaa kwenye misiba na harusi, na mtu anaanza, "Munajua huyu mama, mutoto wake alizaliwa na tension," na mimi ninatazama chini, na mama mkwe, popote alipo, anapata kazi ya kufanya jikoni. Mtoto mwenyewe watoto wenzake wanamwita Mzee, kwa sababu mpaka leo anameza kidonge chake kila asubuhi. Figo moja ilichoka, daktari anasema tuilinde. Anaitikia jina hilo kwa fahari.

Alikatwa kijingozi alipokuwa anatembea tayari, na tundu likafungwa. Siku aliporuhusiwa tulimpeleka kwa bibi yake, maporomokoni. Alisimama mlangoni pale, akavua kaptula bila kumwomba mtu ruhusa, na mkojo ukaruka, mrefu, ukaangukia miguu ya bibi yake. Bibi hakusogea. Alisimama ndani ya mkojo ule mpaka ukaisha, na hakuna aliyejua kwa nini analia isipokuwa mimi.

Nilidhani hapo tumemaliza. Nilikuwa nimeizoea haya yangu kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Kisha, mwaka uliopita, Jumapili moja baada ya misa, tulikuwa uani kwake wote. Mke wa shemeji yangu mdogo alikuwa na mimba, naye ana mdomo kama wangu wa zamani, nampenda kwa hilo. Alibishana na mumewe kuhusu kitu, sijui ni samaki. Tonton akainua kidole.

"Mutoto mwanamuke, angalia sana. Uliza huyu mama mwenzako, kasirani ilifanyaka nini ku mutoto wake."

Nikatazama chini, kama kawaida yangu. Nikasubiri hadithi ipite.

"Muniletee maji," mama mkwe akasema.

Walidhani ana kiu. Akaletewa kikombe. Alisimama kwa shida, magoti yake siku hizi hayamtii, akavuka ua wote akija kwangu. Nilielewa alipokuwa bado mbali, nikataka kuinuka nimzuie, lakini mtu mzima akija hivyo huinuki. Alitia maji kinywani. Akapiga magoti mbele yangu, yeye, mama wa mume wangu, na gauni la kanisani nililomshonea mimi. Akanipulizia kifuani. Maji yalikuwa baridi.

"Kama ni kasirani yangu," akasema. Hakuishia hapo, akaongeza lake, lisilo la desturi: "Na ni yangu. Kitovu cha mutoto kilianguka mbaya mu mikono yangu, niliona mikojo hairuke, nikaficha. Huyu hakukuwa na kosa. Aliwaacha munamusema."

Tonton alishusha kidole chake taratibu, kana kwamba hakikuwa chake. Mume wangu alinitazama, na niliona anahesabu miaka.

Nilikuwa nimeota siku kama hiyo. Usiniulize mara ngapi. Katika ndoto zangu nilikuwa nakaa mnyoofu, nawatazama mmoja mmoja, nina hotuba. Sasa ilikuja, na niliona haya kuliko siku ile ya ua wa hospitali. Nilimwona kilemba, na chini ya kilemba ile shingo. Maji yalikuwa yanamteremka kidevuni, na hakujua kama anaruhusiwa kujifuta.

"Imeisha," nikasema. Nililisema upesi, asije akangoja pale kama nilivyongoja mimi.